Jambia Lililofuliwa kwa Kimondo: Namna Chuma cha Tutankhamun Kilivyochunguzwa Bila ya Kukatwa

Wilayani Mbozi, kusini-magharibi ya Tanzania, limelala bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Hapana mhunzi aliyelifua, wala hapana tanuri lililoliyeyusha. Ni kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani, na wenyeji walilijua tangu zamani kabla ya habari zake kuwafikia wanajiolojia mwaka 1930. Wataalamu walipotaka kujua limeumbwa kwa vitu gani, walifanya lile ambalo mwanakemia yeyote angelifanya: walichukua msumeno, wakakata kipande, wakakipeleka maabara. Ikaonekana kwamba asilimia 90 hivi ya kimondo hicho ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Bonge la tani 16 halikukonda kwa kutolewa kipande.

Sasa na afikiriwe mtaalamu mwingine, mwenye swali lile lile, lakini kitu kilichowekwa mbele yake ni jambia lenye urefu wa sentimita 34, lililozikwa pamoja na mfalme zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, na ambalo duniani halina la pili. Hapo msumeno hauna kazi, wala tone la tindikali haliruhusiwi. Hata mkwaruzo wa sindano ungekuwa hasara isiyolipika. Mtaalamu huyo anatakiwa aseme jambia limetengenezwa kwa chuma gani, kisha alirudishe katika kabati lake likiwa kama alivyolipokea.

Chuma adimu kuliko dhahabu

Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki yapata mwaka 1323 K.K. akiwa bado kijana, liligunduliwa na Howard Carter katika Bonde la Wafalme mnamo Novemba 1922. Miaka mitatu baadaye, sanda za maiti zilipofunguliwa, yalionekana majambia mawili. Moja lilikuwa la dhahabu. La pili, lililolazwa juu ya paja la kulia, lilikuwa na mpini wa dhahabu uliopambwa, kirungu cha jiwe angavu mwishoni mwa mpini, na ala ya dhahabu yenye nakshi za maua, manyoya na kichwa cha mbweha. Lakini ubao wake ulikuwa wa chuma, na ulikuwa na madoa machache tu ya kutu.

Msomaji wa leo, ambaye chuma kwake ni misumari na mabati, huenda asione ajabu yoyote. Ajabu ni kubwa. Wafua metali wa Misri wa zama hizo walikuwa mabingwa wa dhahabu, shaba, na shaba nyeusi, lakini ufundi wa kuyeyusha chuma kutoka katika mawe ya madini haukuenea nchini mwao mpaka karne nyingi baadaye, katika milenia ya mwisho kabla ya Kristo. Jeneza la ndani la mfalme huyo peke yake lilikuwa na dhahabu ipatayo kilo 110. Chuma kilichokutwa katika kaburi zima, ukiliacha jambia, kilikuwa ni patasi 16 ndogo, kiegemeo cha kichwa kidogo mfano wa hirizi, na umbo la jicho lililotiwa katika kikuku. Kwa Firauni, basi, chuma kilikuwa ni adimu kuliko dhahabu. Je, kilitoka wapi?

Njia za kupata chuma ni mbili. Ya kwanza ni ile ya wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambao kwa karne nyingi walijenga tanuri za udongo, wakazijaza madini na makaa, wakavuta mivukuto mpaka oksijeni ikaachana na chuma. Njia ya pili ni kuokota chuma kilichokwisha kuwa tayari, yaani kimondo cha namna ya Mbozi. Alama ya kuzitofautisha ni nikeli. Chuma kilichotokana na madini ya ardhini kwa kawaida huwa na nikeli chini ya asilimia 4, na mara nyingi hakina kabisa. Vimondo vya chuma kwa kawaida huwa na nikeli kuanzia asilimia 5 na kuendelea, pamoja na kobalti kidogo. Swali la historia hapa limegeuka kuwa swali la kemia: jambia lina nikeli kiasi gani?

Kila elementi na sahihi yake

Mwanafunzi aliyewahi kutia chembe za chumvi ya mezani katika mwali wa taa ya maabara anajua kwamba mwali hugeuka manjano. Akitia chumvi ya shaba, hugeuka kijani. Rangi hizo ni kama sahihi za sodiamu na shaba. Chombo kilichotumiwa kulichunguza jambia hufuata kanuni ya ukoo huo huo, isipokuwa mahali pa moto pana eksirei, na mwanga unaotoka hauonekani kwa macho.

Atomi ya chuma ina elektroni 26 zilizopangika katika maganda kukizunguka kiini. Elektroni mbili za ganda la ndani kabisa ndizo zilizofungwa kwa nguvu kuliko zote. Mwali wa eksirei wenye nishati ya kutosha ukiipiga atomi hiyo, huweza kuing'oa mojawapo. Nafasi iliyoachwa haikai wazi: elektroni ya ganda la nje huporomoka papo hapo kuijaza, na nishati inayobaki katika mporomoko huo hutoka nje ikiwa ni mwali mpya wa eksirei. Nishati ya mwali huo mpya haitegemei mwali uliopiga, bali hutegemea tofauti iliyopo baina ya ganda la nje na la ndani, na tofauti hiyo kila elementi inayo ya kwake. Chuma hutoa miali ya kiloelektronivolti 6.40, kobalti 6.93, na nikeli 7.48. Dhahabu, yenye elektroni 79, hutambulikana kwa miali ya 9.71 inayotokana na nafasi iliyoachwa katika ganda lake la pili.

Aliyeufunua utaratibu huu ni Mwingereza Henry Moseley, mwaka 1913. Alipima miali ya elementi moja baada ya nyingine, akaona kwamba ukichukua idadi ya mawimbi kwa sekunde na kutafuta kipeuo chake cha pili, jawabu hupanda kwa hatua zilizo sawa kila namba atomi inapoongezeka kwa moja. Kwa kazi hiyo jedwali la elementi lilipata msingi wake wa hakika. Moseley mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27, na hakuwahi kuona matumizi mengi yaliyozaliwa na ugunduzi wake.

Chombo cha siku hizi chaweza kubebwa mkononi. Ndani yake mna bomba dogo linalotoa eksirei na kitambuzi cha silikoni kinachohesabu miali inayorudi na kuipanga kwa nishati zake. Huelekezwa kwenye kitu bila ya kukigusa, na baada ya dakika chache mchoro wa vilima hutokea: penye 6.40 pana kilima cha chuma, penye 7.48 pana cha nikeli, na kadhalika. Urefu wa kila kilima hudokeza wingi wa elementi yake.

Kwa nini majibu hayakulingana

Hudokeza tu, wala hausemi kwa hakika, na hapa ndipo penye fundisho kubwa la kisa hiki. Jambia la Tutankhamun lilikwisha kupimwa kwa eksirei kabla, na matokeo yaliyochapishwa katika miaka ya 1990 yalionyesha nikeli asilimia 2.8 tu. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa kimondo, na kwa ajili hiyo wako waliosadiki kwamba chuma kile ni cha ardhini. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa Italia na Misri, likiongozwa na Daniela Comelli wa Milano, lilitangaza matokeo ya kipimo kipya: nikeli asilimia 10.8, na kobalti asilimia 0.58. Ubao ni ule ule na kanuni ni ile ile, lakini jawabu la pili ni karibu mara nne ya lile la kwanza.

Ili kuona jinsi namba hizo zinavyoweza kupishana, yafaa kurejea kwenye vile vilima. Chuma hakitoi kilima kimoja, bali viwili: kikubwa penye 6.40 na kidogo penye 7.06. Kobalti, yenye kilima chake penye 6.93, imebanwa ubavuni mwa hicho kidogo. Tofauti yao ni 0.13 tu. Katika kitu ambacho sehemu tisa kwa kumi ni chuma, hata kilima kidogo cha chuma ni mlima, na kobalti ni kichuguu kilicho kivulini mwake. Kitambuzi kisicho na makali huviona vyote viwili kuwa ni kimoja.

Nikeli nayo ina hila yake. Atomi za chuma huweza kumeza mwali wowote wenye nishati inayozidi 7.11, na miali ya nikeli, ambayo ni ya 7.48, inazidi kiasi hicho. Kwa hiyo miali mingi ya nikeli humezwa na chuma kilichoizunguka kabla haijatoka nje, na chuma kikisha kuimeza hutoa miali yake chenyewe. Nikeli huonekana pungufu, chuma huonekana zaidi. Mpimaji asiyefanya hesabu ya kurekebisha jambo hilo atapata namba nzuri isiyo ya kweli.

Kundi la mwaka 2016 lilikuwa na kitambuzi bora kuliko vile vya zamani, lakini ubora wa chombo si kitu peke yake. Kabla ya kutoa hukumu juu ya jambia, wataalamu hao walikitahini chombo chao kwa vyuma vya pua vya viwandani vilivyothibitishwa viambato vyake, na kwa vimondo 11 ambavyo nikeli na kobalti zake zilikwisha kupimwa kwa njia nyingine. Mwalimu wa fizikia atatambua kwamba hili ndilo lile analowahimiza wanafunzi wake kila siku, yaani kusawazisha mizani kabla ya kupima. Pengine asilimia 10.8 si jambo la kustaajabisha kama hizo siku zilizotumiwa kupima vitu vingine visivyokuwa jambia.

Uwiano wa nikeli na kobalti ulikuwa ni wa kimondo bila ya shaka. Wataalamu hao wakapiga hatua moja zaidi: wakaitazama orodha ya vimondo vya chuma vilivyookotwa katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Shamu, wakaona kimoja tu chenye nikeli na kobalti za kiasi kile. Ni kimondo kiitwacho Kharga, kilichookotwa mwaka 2000 karibu na Mersa Matruh, yapata kilomita 240 magharibi ya Alexandria. Hatua hiyo inahitaji kupokewa kwa tahadhari. Vimondo viwili kuwa na nikeli sawa si lazima viwe vimetoka katika jiwe moja, kama vile watu wawili wenye kimo sawa si lazima wawe ndugu.

Mistari iliyochorwa na ubaridi wa angani

Februari 2020 kundi jingine, safari hii la Wajapani kutoka Taasisi ya Teknolojia ya Chiba, lilifika katika Jumba la Makumbusho la Misri mjini Cairo. Hawa hawakuridhika na kupima mahali pamoja pamoja. Waliupitisha mwali wa eksirei juu ya jambia hatua kwa hatua, na kwa kila nukta wakaandika ni elementi gani zilizojibu, hata ikapatikana ramani ya nikeli ya ubao mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Ramani hiyo ilionyesha jambo ambalo jicho haliwezi kuliona: mistari iliyokatana, yenye nikeli nyingi na yenye nikeli kidogo kwa zamu. Mtu aliyewahi kuona kipande cha kimondo kilichokatwa, kikasuguliwa na kutiwa tindikali, ataitambua mara moja. Huitwa mistari ya Widmanstätten. Hutokea ndani ya sayari ndogo iliyovunjika zamani, ambako chuma chenye nikeli hupoa polepole mno, na nikeli ikapata wasaa wa kujitenga katika fuwele za namna mbili. Hakuna tanuri duniani liwezalo kuuiga upoaji huo.

Mistari hiyo imetoa ushahidi wa pili ambao haukutarajiwa, unaomhusu mhunzi mwenyewe. Kimondo kikipashwa moto zaidi ya digrii 950 hivi, nikeli husambaa na mistari hufutika. Katika jambia haikufutika. Maana yake ni kwamba fundi aliyelifua alitumia moto wa wastani na nyundo nyingi, akakinyosha chuma bila ya kukifikisha kwenye weupe. Madoa meusi ya ubao yalionyesha salfa, na Wajapani wakayafasiri kuwa ni mabaki ya madini ya chuma na salfa ambayo ni ya kawaida katika vimondo. Fundi ambaye jina lake halijulikani ameacha habari za joto la moto wake, na zimesomwa bila ya kung'oa hata unywele wa metali.

Penye kutu tupu

Ni lazima mipaka ya njia hii isemwe. Miali ya chuma na nikeli inayokifikia kitambuzi hutoka katika tabaka la juu tu, lisilozidi sana sehemu chache za mia moja za milimita. Jambia lilikuwa na bahati ya kuhifadhika. Kitu kilicholiwa na kutu huwa na uso unaosema uongo, kwa kuwa maji ya ardhini huichukua nikeli na kuacha kutu.

Hali ndiyo ilivyokuwa kwa shanga tisa za chuma zilizofukuliwa Gerzeh, kusini ya Cairo, mwaka 1911. Makaburi yalimotoka ni ya yapata mwaka 3200 K.K., kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vya chuma vya zamani kabisa vinavyojulikana. Uchunguzi wa kemia wa mwaka 1928 ulionyesha nikeli asilimia 7.5, lakini kipimo hicho kilitaka sampuli iharibiwe, na jawabu lake likabishaniwa baadaye. Mwaka 2013 shanga zilizohifadhiwa Uingereza zilichunguzwa upya bila ya kukatwa. Kwa baadhi yake zilitumiwa nyutroni, ambazo, kwa kuwa hazina chaji, hupenya kutu na metali na kufika kiini cha ushanga. Atomi zinazozimeza hujibu kwa miali ya gama, kila elementi kwa nishati yake. Kwa ushanga mwingine, eksirei za kupita ndani kwa ndani zilichora umbo lake, na palipokuwa na ufa katika kutu ilionekana sehemu yenye nikeli asilimia 30. Ikathibitika kwamba ni kimondo, na kwamba chuma hicho kilipondwa kuwa bamba jembamba kisha kikakunjwa kuwa bomba. Nyutroni za kiasi hicho, hata hivyo, zilihitaji reakta, wala hapana reakta ya kubebwa mkononi.

Isidhaniwe, pia, kwamba kutogusa ni sawa na kutodhuru hata kidogo. Eksirei kali huweza kubadili rangi ya kioo, na chombo cha udongo kilichopigwa eksirei huweza kupotoa hesabu ya atakayetaka baadaye kuupima umri wake kwa mwanga unaotolewa na udongo uliopashwa moto. Kila kipimo hupaswa kuandikwa katika kumbukumbu za kitu hicho, ili ajaye ajue.

Chokaa ya mpini

Katika barua za vigae zilizofukuliwa Amarna mwishoni mwa karne ya 19, imo orodha ya zawadi ambazo Tushratta, mfalme wa Mitanni katika Syria ya kaskazini, alimpelekea Amenhotep wa Tatu, ambaye wengi humhesabu kuwa babu wa Tutankhamun. Mojawapo ni jambia la chuma lenye mpini wa dhahabu. Ni kawaida ya mwanahistoria kusitasita mbele ya habari kama hii, kwani majambia ya namna hiyo huenda yalikuwa zaidi ya moja.

Wajapani wa mwaka 2020 waliupima mpini pia. Chini ya mapambo ya dhahabu walikuta kalisi, na hawakukuta salfa pamoja nayo. Wamisri wa zama hizo walizoea kutumia jasi, ambayo haikosi salfa. Kalisi bila ya salfa iliwafanya wataalamu hao waseme kwamba gundi ya mapambo ilikuwa ni chokaa, ile inayopatikana kwa kuchoma mawe kama inavyofanywa katika matanuu ya mwambao wetu. Na kwa kuwa, kwa maoni yao, ufundi huo ulikuwako Mitanni zamani kuliko Misri, wakaona jambia laweza kuwa ndilo zawadi ile.

Hoja hiyo ni nzuri, ila ina tundu. Mpini na ubao si lazima viwe na asili moja, kwani mpini huweza kubadilishwa. Tena chombo cha eksirei huhesabu elementi, hakioni jinsi zilivyoungana, na kaboni na oksijeni kwake hazionekani. Chokaa iliyochomwa, ikazimwa kwa maji na kukauka hewani, hurudi kuwa kalisi kabonati, kitu kile kile kilichomo katika unga wa mawe ya chokaa ambayo hayakuwahi kuona moto. Kwa chombo hicho viwili hivyo havina tofauti. Darubini ingevitofautisha, nayo ingehitaji punje ya chokaa ndogo kuliko punje ya chumvi. Mwaka 2020 punje hiyo haikuchukuliwa.